Ua Kubwa Halikatwi

Fundi anayejua kazi yake hakati kitenge chenye maua makubwa mpaka akitandaze. Hutazama kwanza ua limekaa wapi, ndipo afikirie gauni. Anahangaika lisije likaangukia kwapani, ndege asikatwe kichwa na mshono wa bega, yale maduara mawili yasije yakasimama kifuani yakamtia mvaaji aibu. Ndiyo maana kitenge cha namna hiyo hula yadi nyingi, na mabaki yake huwa makubwa, mazuri na hayana kazi.

Kitandani hakuna kwapa wala bega. Kitanda ni bapa, na ua la sentimita 35 linalala juu yake lote, bila kukunjwa wala kukatwa. Mfarishi, au blanketi la viraka kama wengi wanavyoliita, ni tabaka tatu zilizoshikizwa pamoja: vipande vya kitenge juu, blanketi katikati, shuka chini. Mifarishi ya vipande vidogo ni kazi ya miezi, na siwezi kumshauri mtu mwenye shamba na watoto aianze. Ninaoueleza hapa ukitumia cherehani unakatwa asubuhi na jioni unalaliwa. Siri yake ni sharti moja: kipande kiwe kikubwa kuliko ua. Kiwanda kimeshafanya kazi ya kuchora. Wewe kazi yako ni kupanga.

Nauelezea kwa kutazama wilaya za Ngara na Biharamulo kwa kuwa huko mfarishi si pambo. Vilima vya Ngara vinafika mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, mbingu ikiwa tupu, baridi hushuka hasa. Asubuhi ukungu umejaa mabonde ya Ruvubu na Kagera, na aliyelala Rulenge au Murgwanza kwa shuka peke yake hahitaji kuelezwa zaidi. Biharamulo iko chini kidogo na baridi yake ina adabu, kwa hiyo huko mfarishi huo huo utajazwa kitu chembamba zaidi.

Na vitambaa vipo. Ngara imepakana na Burundi kwa upande wa Kabanga na Rwanda kwa upande wa Rusumo, na barabara za kwenda huko zinapita Lusahunga na Nyakanazi, pale njia ya Kigoma inapokutana na ya Biharamulo na ya Kahama. Penye malori ya namna hiyo hapakosi vitenge. Siku ya gulio vinatandazwa juu ya turubai, vingine vinaning'inizwa kwenye miti, na pembeni kuna belo la mitumba limefunguliwa, mashuka yakiwa chini kabisa kwa sababu wateja wa kwanza hutafuta suruali.

Jambo moja hunikera kila nikipita pale. Biharamulo imo katika ukanda wa magharibi wa pamba, ukanda unaotoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania. Sehemu kubwa ya pamba hiyo inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikusudiwa kuifanya vitenge na khanga papa hapa nyumbani. Leo mkulima wa pamba hununua kitenge kilichochapwa ng'ambo, na mara nyingi hata pamba yenyewe haimo.

Hilo la mwisho lina kipimo, na kipimo hicho kinakuhusu. Chomoa nyuzi mbili tatu za ukingo, uziwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ukiyafikicha yanapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kitenge cha poliesta kinang'aa na hakipauki, lakini pasi ya mkaa ikikizidi moto kinasinyaa, na mtu akijifunika anatoka jasho huku bado anaona baridi. Usichanganye vitambaa vya aina mbili kwenye mfarishi mmoja. Baada ya kufuliwa mara kadhaa cha pamba kitakuwa kimejivuta na cha poliesta kimebaki vile vile, na mshono katikati utakuwa umekunjamana.

Kabla ya kununua chochote, fungua sanduku. Tanzania ya sasa ni nchi ya sare. Arusi ina kitenge chake, sendofu ina chake, Machi 8 ina chake kila mwaka, wanawake Wakatoliki wa WAWATA wana vyao, na hata msiba wa mtu mzima unaweza kuwa na kitenge. Mwanamke wa makamo mwenye ndugu wengi ana magauni kadhaa aliyoyavaa mara moja tu. Hayavaliki tena kwa kuwa kila mtu anajua yalikuwa ya arusi ya nani, na hayatupiki kwa sababu hiyo hiyo. Sketi ndefu ya marinda inatoa vipande vinne vya sentimita 45 bila shida, na blauzi hutoa kimoja mgongoni. Mfarishi wa sare za ukoo mmoja una haki ya kugongana rangi. Arusi zenyewe ziligongana.

Asiye na sare atafute wenzake. Kitenge huuzwa mara nyingi kwa pande la yadi sita, na mfarishi mmoja wa yadi sita za maua ya namna moja unachosha macho. Wanawake watano wa kikoba kimoja wakinunua pande moja moja, kila mmoja ua lake, kisha kila pande likagawanywa mara tano, kila mmoja anaondoka na vitambaa vitano vyenye urefu wa sentimita 110 hivi. Hiyo inatosha mfarishi wa kitanda cha nne kwa sita, na inabaki. Ugumu wa mpango huu ni kukubaliana juu ya vitenge vyenyewe, na hapo nawaachia wenyewe.

Vikifika nyumbani vilowekwe, kila kimoja na beseni lake. Kitenge kipya kimejaa dondo, na nyekundu na buluu iliyokoza hutoa rangi siku ya kwanza. Suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Anayeruka hatua hii kwa haraka ataiona rangi nyekundu imeingia kwenye ua jeupe la jirani siku mfarishi utakapofuliwa, na hapo hakuna dawa.

Sasa mkasi. Shangazi yangu mmoja wa Rulenge alimpelekea fundi kitenge cha tausi, mikia imefunguka, kila ndege ana urefu wa mkono mpaka kiwiko. Fundi alikuwa kijana mzuri, mwepesi, na kama mafundi wote alichukia kubakiza.

"Shangazi, tukikata vidogo tutapata vingi."

"Vingi vya nini, mwanangu? Ukimkata hapa, mie nitalala na mkia. Kichwa atalala nacho nani?"

Akaomba boksi la sabuni, akalichana, akakata ndani yake dirisha la mraba lenye sentimita 43 kila upande, akaacha ukingo wa sentimita moja kuzunguka. Boksi lile akaliteleza juu ya kitenge polepole, na kila alipolisimamisha tuliona picha nyingine. Hapa tausi mzima. Hapa kichwa na nusu ya mkia, na nusu ile ilikuwa nzuri kuliko tausi mzima, maana ilijaza pembe yote kwa buluu. Hapa majani matupu. Aliweka alama ya chaki kwenye nje ya boksi, akalisogeza tena. Kijana aliacha pedali, akaja kusimama nyuma yake kutazama, na baadaye yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Shangazi, rudisha kidogo kushoto."

Fanya vile. Dirisha linakuonyesha kitakachobaki baada ya mshono, ukingo wa nje ndio mstari wa kukata, na kipande chako kinatoka sentimita 45 kwa 45. Kitenge kina upana unaokaribia sentimita 115. Ukiondoa kingo zenye maandishi ya kiwanda, vipande viwili vinakaa sambamba na pembeni panabaki utepe mrefu. Utepe huo usiutupe. Katika urefu wa sentimita 110, ambao baada ya kuloweshwa utakuwa umepungua kidogo, unapata safu mbili, yaani vipande vinne. Vitenge vitano, vipande 20. Ukitaka kila tausi akae katikati ya kipande chake utapoteza kitambaa, kwa hiyo ongeza nusu yadi, au ukubali kama shangazi kwamba ndege nusu naye ni ndege.

Kuna mtego mmoja. Chapa ya kitenge mara nyingine imekaa upande, haifuati nyuzi. Ukifuata nyuzi ua litaonekana linaanguka; ukifuata ua, kipande kitavutika kidogo. Mimi hufuata ua. Kuvutika kunarekebishika kwa pini na pasi, lakini ndege aliyelala upande utamwona kila usiku.

Vipande 20 vitandazwe mkekani, vinne kwa upana, vitano kwa urefu. Hapa usiharakishe, ingawa kila kitu kingine katika sura hii ni cha haraka. Maua makubwa yakikaa yote pamoja yanapiga kelele, hakuna anayesikika. Katika vitenge vitano, kimoja au viwili viwe vimenyamaza: vitone vidogo, mistari, au kaniki tupu. Vitawanye vile vilivyonyamaza katikati ya vile vinavyosema. Kisha panda juu ya kiti utazame kutoka juu, au piga picha kwa simu na uiondoe rangi ibaki nyeupe na nyeusi. Picha isiyo na rangi inasema kweli: utaona mara moja upande mmoja umekuwa mzito na giza lote limekimbilia huko. Badilisha vipande viwili, piga tena.

Kichwa na miguu ya ndege visikusumbue. Mfarishi unatazamwa na anayeingia mlangoni, na anayelala, na anayetandika, na kila mmoja yuko upande wake, kwa hiyo nusu ya ndege wakitazama chini hakuna atakayeshtaki. Nyuso za watu ni jambo jingine. Vitenge vya jubilei vina picha ya askofu ndani ya duara, vya kitaifa vina Mwalimu Nyerere, na nimesikia hoja kali juu ya kama ni halali nyuso hizo kulaliwa. Mimi naona ni halali, ila uso uwekwe safu za juu, usawa wa kifua. Kumweka Mwalimu miguuni sitakubali, hata kama rangi zinadai.

Wapo watakaosema vipande vikubwa ni uvivu. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha weusi huko Alabama, Marekani, kwa vizazi walishona mifarishi ya suruali kuukuu za shambani, vipande vipana na mistari mirefu isiyonyooka. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney ya New York, na watu waliilipia kiingilio.

Lakini walio karibu nasi zaidi wako India. Katika jimbo la Karnataka wanaishi Wasiddi, uzao wa Waafrika ambao wengi wao Wareno waliwapeleka Goa utumwani kutoka pwani hii ya mashariki, na baadhi yao wakatorokea misituni. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi bila cherehani na bila kupima. Sari kuukuu inatandazwa iwe mgongo. Mshonaji anaanzia pembeni, anakunja ukingo wa kiraka cha kwanza, anakishona moja kwa moja juu ya sari, anapachika cha pili, na anaendelea kuzunguka kuelekea katikati kwa mshono wa bandi. Mshono ule ule unaunganisha viraka na unashikiza tabaka. Hakuna kazi inayofanywa mara mbili. Mwisho anatia kwenye pembe nne vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua, na mfarishi usio navyo wanauhesabu kuwa uko uchi.

Nawataja kwa sababu ya aliye Bugarama au Nyakahura ndani ndani, mbali na fundi. Njia ya kawandi inamfaa kabisa, na vipande vikubwa vya kitenge vinampunguzia mishono. Haitakuwa kazi ya siku moja, lakini inashonwa barazani huku mahindi yanapukuchuliwa na wengine.

Mwenye cherehani, iwe Singer ya bibi au Butterfly ya mguu, aendelee hivi. Unganisha vipande vinne vya kila safu, mshono wa sentimita moja, mpaka una safu tano. Piga pasi: safu ya kwanza mikunjo yote ilale kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Ukija kuunganisha safu, mikunjo inakutana ikiwa imepishana, inakamatana yenyewe, na pembe nne zinafika mahali pamoja bila wewe kubembeleza. Jumla ni mishono mifupi 15 na mirefu minne. Unapata uso wa sentimita 172 kwa 215 hivi, unaofunika godoro la nne kwa sita na kushuka pande zote mbili.

Kwa kitanda cha mtoto cha tatu na nusu kwa sita, punguza mstari mmoja, ibaki mitatu kwa upana. Hapo mgongo wake unaweza kuwa doti ya khanga: vipande viwili vikiunganishwa kwa urefu vinatoa takriban sentimita 150 kwa 218, na uso wako ni 129 kwa 215. Inatosha kwa kubana. Soma jina la khanga kabla ya kushona, maana kuna majina yaliyoandikwa kwa ajili ya mke mwenza na si kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili. Mfarishi mkubwa utataka shuka la mtumba, la pamba, lililokwisha kulainika.

Katikati weka blanketi kuukuu. Nalipendelea lile la kijivu la msaada, la aina ambayo Ngara inaijua kupita wilaya nyingi za nchi hii. Aprili 28, 1994, wakimbizi Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24, na Benaco, pahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakawa mji wa maturubai. Blanketi la kijivu lina ubaya wa sura na uzuri wa kazi: halivutiki, halina manyoya ya kujikusanya, na likifunikwa kwa tausi hakuna anayelijua. Likiwa na tundu, litie kiraka kwanza. Biharamulo shuka nzito au blanketi jembamba litatosha. Usijaze pamba iliyochambuliwa wala sufi ya mto kwenye mfarishi wa vipande vikubwa. Hiyo inataka kushikizwa kila baada ya kiganja, la sivyo kwa wiki chache itakuwa imekimbilia kona moja.

Tandaza shuka kifudifudi, blanketi juu yake, uso wa kitenge juu ya yote. Lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kisha shika kwa vikwasi. Halafu funga mafundo. Chukua sindano ndefu na uzi wa kufumia, toboa kwenda chini na kurudi juu mahali pembe nne zinapokutana na katikati ya kila kipande, kaza, funga mara mbili, acha ncha za sentimita mbili. Makutano ni 12 na katikati ni 20, kwa hiyo mafundo 32. Ua likiwa na kiini, fundo lipite hapo. Tausi mfunge shingoni, asionekane amechomwa jicho.

Sasa zile tepe za pembeni. Kata kutoka kwa kila kitenge mbili zenye upana wa sentimita nane, ziunge zote kumi, na una zaidi ya mita tisa. Mzunguko wa mfarishi ni mita saba na sentimita 74, kwa hiyo zinatosha na ziada. Punguza shuka na blanketi ziwe sawa na uso, shona utepe kwa upande wa juu, ukunje upite ukingoni, umalizie nyuma kwa mkono. Kwenye pembe simama sentimita moja kabla ya mwisho, kunja utepe uende juu, urudishe chini, endelea. Fundi atakwambia oveloku inatosha. Haitoshi: ukingo ndio unaovutwa kila usiku na watoto wawili wanaogombania blanketi moja, na oveloku peke yake kwenye tabaka tatu haimalizi mwaka.

Kufua ni mara chache, asubuhi ya jua, na muwe wawili, kwa maana ukiloa ni mzito kwa mtu mmoja. Uanike juu ya kamba mbili zilizo sambamba, si moja, mafundo yasije yakabeba uzito wote. Upande wa kitenge uwe chini, kwa sababu jua la Julai linapausha rangi, na shuka la mgongo halina cha kupoteza.